Jina la Boti ya Nyangeta

Hapo zamani, si ile ya mazimwi, hii ya juzijuzi plaiwudi ilipokwisha kuzoeleka visiwani, palikuwa na mjane mmoja, Nyangeta, mwenye boti na maneno mengi. Aliapa mbele za watu: "Binti yangu Nyamisi ataolewa ng'ambo, lakini havushwi na boti ya wakwe. Nitampeleka mwenyewe!" Kumbe sakafu ya boti imeoza, ukiinama unaona samaki. Maneno ameshayatema, kuyameza hawezi.

Basi akatangaza: "Atakayetuvusha bila aibu, huyo ndiye atakayeipa boti jina." Na huko kwao jina la boti halifutwi. Hata wajukuu wa mwenye boti huitwa kwa jina hilo.

Shemeji yake, Maregesi, akaenda kuchagua plaiwudi ya sakafu mpya. Mwenye duka akamtolea inayong'aa. Maregesi akaigonga, ko, ko, pu! "Mh! Hapa ndani kuna pengo." Akaomba vipande vya kujaribia, akavichemsha kwenye sufuria ya pilau ya Nyangeta. Majirani wakauliza, "Nyama gani hiyo isiyoiva?" Kile kipande kizuri kikaachana matabaka kama chapati. Chenye sura mbaya kikabaki kimeshikana. "Tunanunua hii," akasema. "Gundi yake haiogopi maji."

Fundi Mugeta akakata, akapigilia. Kisha akaja Nyabise, mpaka rangi, mwanamke asiye na haraka. Hakugusa uso wa ubao kwanza. "Plaiwudi hunywa maji kwa kingo," alisema, akazinywesha gundi kingo zote na kila tundu la skrubu, akapiga msasa, ndipo akapaka rangi ya samawati, tabaka juu ya tabaka.

"Dada, harusi itapita!" Nyangeta alimhimiza.

"Ipite. Maji hayatapita."

Asubuhi ya harusi Nyangeta akaitazama boti, roho isitulie. Bibi harusi akae chini kama gunia la mihogo? "Fundi, nifungie kiti hapo katikati."

Mugeta akakuna kichwa. "Mama, nikitoboa sasa, gundi haitawahi kukauka."

"Toboa!"

Akatoboa.

Katikati ya ziwa, vigelegele vimepamba moto, kiti kikayumba, bolti ikachomoka, maji yakaruka chuu! Nyamisi akapiga yowe: "Mama, shela la watu hili!" Mugeta akavua kofia, akaisokomeza tunduni, akaikalia. Wimbi likaja, akakaa. Ngoma ikapigwa, akakaa. Boti ikafika, na wakwe wakanong'onezana ufukweni, fundi gani huyu hainuki kusalimia watu? Lakini Nyamisi alishuka mkavu, na aibu haikuonekana.

Baada ya shibe, mzozo.

"Mngenunua ile inayong'aa," alisema Maregesi, "ingeachana kabla ya wimbo wa kwanza. Jina ni langu, nami nataka la marehemu kaka yangu, Masatu."

"Plaiwudi yako bila gundi yangu ni mkate kwenye chai," alisema Nyabise. "Maji yaliingia penye tundu moja tu, na hilo si langu. Iitwe Taratibu."

"Plaiwudi nzuri, gundi nzuri, na bado mlikuwa mnazama!" alisema Mugeta. "Nani alikaa? Iitwe Mkalia Tundu."

"Si wewe uliyelitoboa?" Nyabise akadakia.

"Kwa amri ya nani?"

Wote wakamgeukia Nyangeta. Akaona haya, akacheka mpaka machozi. Kusikia jina la mumewe moyo ulimruka, ndiyo, lakini ahadi ilikuwa ya aliyestahili, si ya jina tamu. Na wajukuu wa Mkalia Tundu, jamani!

Amesimama mbele ya boti, brashi mkononi, rangi inadondoka miguuni. Haya, ninyi mnaotafuna mihogo yangu kimya kimya, msimwache peke yake. Je, nani alistahili kuipa boti ile jina?