Kwikwi Iliondoka, Chafya Ikaja

Paukwa!
Pakawa!
Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo. Mwenye kukohoa ageukie pembeni.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walishikwa na kwikwi. Twiga akinywa maji, kwik, yanamtokea puani. Fisi akicheka, kwik, anajing'ata ulimi. Nungunungu akatafuna muhogo, kwik, ukamkaba, akafa. Wakalia sana, kwik, kwik, mpaka kwikwi ikaisha. Mtemi Kiboko akaamuru ngoma ya furaha ipigwe.

Nguchiro, mkunga wa bonde, akamwendea.

"Mtemi wangu, ugonjwa mwingine utakuja. Tuchimbe kisima cha kunawia. Tujenge banda la wagonjwa ng'ambo ya kijito. Na Kanga akae kilimani, akimwona mgonjwa wa kwanza atuite."

"Ugonjwa gani huo?"

"Sijui."

"Hujui hata jina lake, nami niuchimbie kisima?"

"Mgeni usiyemjua jina naye hula, Mtemi."

Wanyama wakacheka, wakarudi ngomani. Nguchiro akachimba, chimba chimba. Akajenga, jenga jenga. Kanga akapanda kilimani. Wakaitwa wendawazimu wawili.

Zikapita mvua mbili. Asubuhi moja Mama Ndovu akapiga chafya. Chyaaa! Kobe akapaa, akatua juu ya mgunga, miguu juu.

"Kekekeke! Chafya imeingia!" Kanga akapiga kelele.

Nguchiro akaja mbio. "Mama, tafadhali vuka kijito."

"Ni mafua tu, mwanangu."

"Hata kama ni mafua, Mama."

Akavuka. Waliokaa naye wakavuka. Waliobaki wakanawa, wakanawa tena. Kobe wakataka kumshusha, akakataa. "Huku hakuna wa kunipigia chafya."

Kiboko hakunawa. Akapiga chafya ziwani, chyaaa, maji yote yakaruka, samaki wakabaki chini wakitazamana. Akavuka kijito, kichwa chini.

"Nitakaa siku ngapi?" akauliza.

"Saba, Mtemi."

Siku saba zikaisha. Safari hii hakufa hata mmoja. Kiboko akatoka, akaanza kuchimba kisima cha pili kwa meno yake. Akaagiza Kanga apewe mtama wa ghala la bonde, kila mwezi.

Fisi akamwambia, "Mtemi, ugonjwa si umekwisha?"

"Ndiyo maana nina nafasi ya kuchimba," akajibu. "Shika jembe."

Enyi wasikilizaji, maradhi hayapigi hodi. Nchi hujiandaa ikiwa nzima.

Hadithi yangu imetua hapa, nami natua nayo.