Chai Isiyo na Tangawizi

Bosi Mugendi, yule ambaye kiwandani kwake hata kushika ufagio kunataka digrii na experience, alimfukuza mpishi wake Kadzo. Kadzo alipodai arudishiwe kazi, Mugendi akaapa mbele ya afisa wa kazi, katika ofisi ya wakili wa Kadzo, kwamba hamjui.

"Counsel, huyu mama sijawahi kumwona. Never!"

Wakili Nabwire, aliyezeekea kwenye kesi za wafanyakazi, hakubisha. "Sawa, bosi wangu. Hamjuani. Lakini mko ofisini kwangu, na mgeni haondoki hapa bila chai."

"Finally! Wakili mwenye akili."

Chai ikaletwa. Mugendi akapiga funda moja, macho yakiwa kwenye simu, akakunja uso.

"Kadzo! Tangawizi iko wapi? Si kila siku nakwambia?"

Kadzo akaruka kutoka kitini. "Pole, bosi! Nilipoipika, wakili alinikataza kuitia."

Afisa wa kazi akaweka kikombe chini polepole. Nabwire akamsogezea Mugendi sahani ya mandazi.

"Bosi wangu, huyu usiyemjua arudi jikoni lini?"

Mugendi akakitazama kikombe chake.

"Kesho," akanong'ona. "Na aje na tangawizi."