Pafu la Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya kukohoa? Nani kavuta huko nyuma? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, hiyo ndiyo sauti ya watu wenye kifua.

Hapo kale Pimbi alichaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Wanyama. Mdogo, mgeni, hana rafiki hata mmoja. Nyuma ya bwalo la chakula akakuta kijiwe, na kijiweni kakaa Kiboko, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, bonge la mnyama, sigara mdomoni. Pfuu! Pfuu! Mvuto mmoja wa sigara pale wakiuita pafu.

"Dogo, kila mgeni ana pafu lake moja la bure," alisema Kiboko. "Vuta uwe mkubwa. La pili, ulete sahani yako ya wali."

Ndivyo alivyokuwa akishiba. Wageni walivuta, pfuu, wakakohoa, koho koho, wakatoa sahani. Kiboko akanenepa, wageni wakabaki mbavu nje.

Pimbi naye aliutamani huo ukubwa, mtu asiwadanganye. Njaa angeivumilia, ila upweke ulimuuma. Akamfuata Swala, mgeni mwenzake.

"Swala, unaipenda sigara?"

"Aka! Inanichoma. Ila wenzangu wote wanaipenda."

Akamfuata Ngiri.

"Ngiri, unaipenda sigara?"

"Aka! Inanichoma. Ila wenzangu wote wanaipenda."

Pimbi akawatafuta hao "wenzangu" wanaoipenda chuo kizima, asimpate hata mmoja. Akacheka peke yake njia nzima.

Kesho yake mchana akasimama kijiweni, wote wakisikia.

"Kaka Kiboko, kila mgeni ana pafu lake moja, sivyo?"

"Ndivyo. Mimi nikisema nimesema!"

"Mbele ya wote hawa?"

"Mbele ya wote!"

"Basi lala chali. Mimi nataka la kushoto." Pimbi akatoa kisu cha mpishi.

Kiboko akacheka, kwa kwa kwa! Hakuna aliyecheka naye.

"Mimi ulinipa moshi tu," akasema Swala. "Pafu sijaliona."

"Hata mimi!" akadakia Ngiri. Foleni ikazunguka bwalo.

"Jamani, mimi nilimaanisha..."

"Mkubwa anameza maneno yake mbele ya watu?" akauliza Pimbi.

Kiboko aliona aibu kukataa, akaogopa kukubali. Akatimua mbio. Hatua tano, koho! Hatua kumi, koho koho! Kifua hakina kitu. Akajitupa mtoni, chubwi! Mpaka leo yumo humo, anatoa pua tu, pfuu, anachungulia kama foleni imekwisha.

Siku ile Pimbi alikula wali na Swala na Ngiri, meza moja, sahani tatu zimejaa. Alifurahi mno, akasahau hata kurudisha kisu.

Yangu yameishia hapo. Mwenye pumzi ayapokee. Funzo? Watoto, watiini wakubwa wenu. Mkubwa akisema jambo, lishikeni neno kwa neno, na kisu mje nacho wenyewe.