Ndevu za Mtoni

Paukwa!

Pakawa!

Nimesema paukwa! Huyo wa nyuma amelala?

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata babu yangu alizisikia kwa babu yake, palikuwa na kijiji kando ya mto. Humo aliishi bibi mmoja, Bi Kirembo. Meno yalikwisha, maneno hayakwisha.

Alikuwa na mjukuu wa kike, Sikujua. Jina Sikujua, lakini alilolijua halikukaa kinywani. Siku moja aliwafuata wavuvi, akaona samaki. "Samaki! Samaki yule!" Chubwi! Samaki wote wakatoweka. Siku hiyo kijiji kizima kilikula ugali kwa chumvi.

Mzee Kitogo, mkuu wa wavuvi, akang'aka: "Kuanzia leo mtoto haendi mtoni mpaka awe na ndevu!"

Sikujua akalia. Aliupenda mto, na sasa wenzake wote wamefungiwa kwa ajili ya mdomo wake. "Bibi, mimi hata nikizeeka sitaota ndevu!"

Bi Kirembo akamwendea Mzee Kitogo. "Kitogo mwanangu, niachie watoto leo tu. Wakirudi na ndevu je?"

"Mama, wakirudi na ndevu leo, mto ni wao!" Akacheka mpaka akakohoa.

Bibi akachukua watoto saba na migono mitatu, ile mitego ya fito, samaki akiingia hatoki. Walipofika mahali mto unapobana, tayari huyu anarusha mawe, yule anavua shuka aogelee.

"Kitendawili!" bibi akanong'ona.

"Tega!" wakanong'ona.

"Nimetega." Mgono wa kwanza ukazama, bluku! "Tangu kuzaliwa ana ndevu, wala wembe haujui. Ajuaye alimeze jibu mpaka niombe mji. Kitendawili!"

"Tega!" Bluku!

"Kitendawili!"

"Tega!" Bluku!

Kisha wakapanda upande wa juu wa mto, nyata, nyata, nyata. Wakasimama. Kimya.

Sikujua alilijua jibu. Lilimwasha ulimi. Akaziba mdomo kwa mkono wa kulia, akaongeza wa kushoto. Maji yakatulia, na pale kwenye matete zikachomoza ndevu mbili. Jibu lenyewe hilo! Machozi yakamlenga, masikini, lakini hakutoa sauti.

"Haya," akasema bibi, "nipeni mji!"

"Hatutoi mji! KAMBAREEEE!"

Sikujua alipiga ukelele mpaka ndege wakahama. Wakarukia majini wote saba, chubwi chubwi chubwi, wakikanyaga tope, wakicheka. Kambare wakatimka kushuka na maji, vuuu, moja kwa moja hadi ndani ya migono.

Mzee Kitogo alikuwa uani akishona wavu. Sikujua akamwekea miguuni kambare mrefu kama mkono, akamshika sharubu.

"Babu, tumekuja na ndevu."

Mzee Kitogo akamtazama kambare. Akapapasa kidevu chake. "Mbona zimezidi zangu?" Akaangua kicheko. "Mto ni wenu. Lakini huyu mwenye mdomo, Mama, naye atakwenda?"

"Huyo ndiye mvuvi wangu," akasema Bi Kirembo. "Kelele ile utaipata wapi, Kitogo?"

Usiku huo hakuna aliyekula ugali kwa chumvi.

Basi, wenzangu, mdomo wa mtoto hauzibwi, hupewa zamu. Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni. Anayetaka kitoweo, akatege.