Bi Pimbi na Vyumba vya Waheshimiwa

Hapo zamani za kale, wanangu, hebu sogeeni msikie vizuri, wanyama walikuwa na bunge lao. Walikuwa na nyumba, majiko na vitanda, na walikuwa na wabunge wa kuwasemea. Mbunge mdogo kuliko wote alikuwa Bi Pimbi. Mdogo hivi! Akikaa kwenye kiti chake, yanaonekana masikio tu.

Mwaka huo moto ulipita mbugani. Waaa! Ukala nyasi, ukala nyumba, ukawaacha watoto wengi bila baba wala mama. Wengi walichukuliwa na shangazi na wajomba. Wanne hawakuwa na mtu. Bi Pimbi aliwakuta kando ya njia wamekaa kimya, akawapeleka kwake.

Kwake ni wapi? Ni kwenye ufa wa jiwe! Kifaranga wa kanga akaingia. Mtoto wa ngiri akaingia, akajibana. Mtoto wa swala akaingia, miguu imekunjwa. Lakini Siwema, ndama wa nyati, aliingiza kichwa tu. Mwili wote ukabaki nje, na mvua, chwaaa, ikawa inamshukia mgongoni.

"Umelowa, mwanangu?" aliuliza Bi Pimbi.

"Kichwa hakijalowa, mama," alijibu Siwema.

Jibu hilo lilimchoma Bi Pimbi moyoni. Kulipokucha akaenda nao bungeni, akawaacha nje ya mlango.

"Mheshimiwa Spika!" alisema, amepanda juu ya kiti ili aonekane. "Watoto hawa wapatiwe nyumba na walezi wa kambo. Leo, si mwakani!"

Spika Tembo akapepea masikio. "Waheshimiwa, nani ana nafasi?"

Kiboko, Waziri wa Nyumba, akainuka. Kiti kikalia kwaaa! "Mheshimiwa Spika, kwangu kumejaa. Hata mimi mwenyewe nalala ubavu."

"Mimi ndiyo usiseme," alidakia Kifaru. "Chumba kimoja tu, na pembe hii inakula nusu yake!"

"Kwangu dari iko chini mno," alisema Twiga. "Si mnaona shingo ilivyoniuma?"

Spika mwenyewe akageuka kutazama dirishani, kama aliyeona kitu huko nje.

Ndipo Fisi aliposimama, taratibu, anatabasamu.

"Mheshimiwa Spika, mimi nitawapokea. Wote."

"Wote?"

"Wote! Hasa yule ndama. Aah, mtoto mnono yule, mtoto mzuri!" Akameza mate, gulup!

Wabunge wakapiga meza, pa pa pa! "Safi sana! Mfano wa kuigwa!"

Harufu ya maharage ilikuwa imeshaingia ukumbini. Spika akasema, "Tutapiga kura baada ya chakula," na ukumbi ukabaki mtupu kufumba na kufumbua.

Bi Pimbi alibaki kitini. Akisema Fisi anataka kuwala watoto, nani atamsikiliza? Fisi amejitolea tu, na wenzake wamefurahi kutuliwa mzigo. Akatazama nje. Kwenye foleni ya chakula Kiboko na Kifaru walikuwa wakisukumana, kila mmoja anataka atangulie.

"Kumbe!" alisema Bi Pimbi. Akashuka mbio.

Akamvuta Kiboko pembeni. "Mheshimiwa, nasikia watu wanasema Kifaru ndiye mwenye nyumba kubwa kuliko wabunge wote."

"Kifaru? Kibanda kile?" Kiboko aliiacha sahani yake.

Akamnong'oneza Kifaru, "Nasikia ni Kiboko."

"Lile dimbwi la matope!"

Akamnong'oneza Twiga. Kisha, moyo unamdunda, akamwendea Fisi. "Ndugu yangu, watu wanakusema. Eti jiko lako ni dogo, watoto wanne hutaweza."

"Dogo?" alifoka Fisi. "Jiko langu, dogo?"

Bunge liliporudi, wananchi walikuwa wamejazana madirishani kusikiliza. Bi Pimbi akapanda kiti chake.

"Mheshimiwa Spika, kabla ya kura nina swali dogo tu. Kati yetu, nani ana nyumba kubwa?"

"Mimi!" alinguruma Kiboko. "Vyumba sita! Vinne sijawahi hata kuvifungua!"

"Sita ndiyo nini?" alisema Kifaru. "Mimi nina ua, nina baraza, nina hata chumba cha wageni ambamo hajalala mgeni tangu kijengwe!"

"Njooni kwangu mtazame dari," alisema Twiga. "Kofia zitawadondoka!"

"Kimya! Kimyaaa!" Spika aligonga meza, puu, puu! Kisha akakohoa. "Ingawa kusema kweli, nyumba ya Spika ni ya ghorofa. Na huko juu hakuna mtu."

Fisi hakuweza kuvumilia tena. "Vyumba, vyumba! Nyumba ni jiko! Sufuria yangu mimi, waheshimiwa, anaingia ndama mzima, na mfuniko unafunga!"

Wabunge wote wakamgeukia.

Fisi akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ndama mzima?" aliuliza Spika polepole.

"Ni... ni ya kuogea, Mheshimiwa."

"Sufuria ya kuogea yenye mfuniko?" aliuliza Bi Pimbi.

Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia. Puruuu! Akarukia dirishani, watu wakampisha, akatokomea vichakani.

Bi Pimbi akafungua mlango. Watoto wanne wakaingia, wameshikamana.

"Waheshimiwa, vyumba mmevitaja wenyewe mbele ya watu. Wasio na vyumba ndio hawa."

"Wafungulieni!" walipiga kelele wananchi. "Wafungulieni!"

"Umetutega, Bi Pimbi," alisema Kiboko kwa hasira.

"Nimewatega, mheshimiwa. Nisamehe. Nilikuwa sina njia nyingine."

Kabla Kiboko hajajibu, kifaranga wa kanga alikuwa ameshapanda juu ya mguu wake. Akajikunyata, akasinzia. Kiboko akaogopa hata kupumua. "Shhh," aliwaambia wenzake. "Msipige meza."

Siwema akaenda na Spika, ghorofa nzima. Mtoto wa swala akaenda na Twiga, na mtoto wa ngiri akaenda na Kifaru.

Bi Pimbi akarudi peke yake. Akafagia ndani, akakaa, akatazama nafasi ilivyokuwa nyingi. Akalia kidogo. Alikuwa amewazoea.

Siku ya tatu akasikia hodi. Ni Kifaru, macho mekundu, mtoto wa ngiri yuko mgongoni.

"Dada yangu, nisaidie. Hataki kulala mpaka aimbiwe, na mimi sijui wimbo hata mmoja."

"Karibu, kaa hapo nje," alisema Bi Pimbi. "Anza na huu."

Kifaru akaimba, sauti nzito kama jiwe linaloburutwa. Bi Pimbi akamrekebisha, akaimba tena, na tena, mpaka mtoto akalala fofofo.

Nami nawaambia, wanangu: anayejisifia nyumba kubwa, awe tayari kumfungulia mlango asiye na pa kulala.