Wimbo Uliotoka Chunguni

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia sauti mbili tu. Paukwa, nasema!

Pakawa!

Haya. Anayetaka kuchekeshwa na sungura leo aende kwa shangazi yake, mimi sina sungura. Nina hii tu, nayo ni nzito.

Hapo zamani, kale hasa, palikuwa na kijiji kando ya mto wa matope. Kila mwaka, mafuriko yakishapungua, kamba wa mtoni walijaa mabwawani, wale wenye magando mawili mbele. Basi kijiji kizima kilitenga siku moja ya kuwachemsha. Huyu alileta mihogo, yule mahindi mabichi, mwingine pilipili na ndimu. Chungu kilikuwa kimoja, kikubwa, na mpishi wake alikuwa Bi Mkasi. Desturi yao ilikuwa hii: kamba hawatiwi katika maji ya moto mpaka ngoma ilie kwanza. Ukiuliza sababu, unaambiwa ndivyo tulivyokuta.

Aliyejua sababu ni Babwoya, mpiga msondo, ile ngoma ndefu. Yeye ndiye aliyekaa karibu na chungu kuliko wote, na kila mwaka, chini ya mdundo, alisikia sauti ndogondogo zikilia. Akazidi kupiga ili asizisikie. Akirudi kwake hali chakula, halali vizuri, wala hamwambii mtu.

Mwaka mmoja, siku moja kabla ya sherehe, Babwoya alishuka mtoni kunawa uso. Kamba mmoja jike, mzee sana, akapanda juu ya jiwe.

"Babwoya, mjukuu wangu, ni kesho tena?"

"Ni kesho, bibi."

"Unapiga vizuri. Ungekuwa hujui kupiga, wenzako wangetusikia."

Babwoya akaona aibu, akainamisha kichwa.

"Lakini mwaka huu hamtatupata," Bibi Kamba akasema. "Tumechimba njia chini ya matope mpaka bwawa la ng'ambo. Leo tunahama, mimi na wanangu na wana wao. Nimekuja kukuaga, maana wewe peke yako ulituonea huruma."

Sasa angenyamaza tu, wangeokoka. Lakini Babwoya alikuwa amechoka kubeba jambo lile peke yake.

"Msihame, bibi. Mkihama watawatafuta wengine, na mimi nitaendelea kupiga. Kesho nitaacha kupiga. Watawasikia, na wakishawasikia hawataweza kula. Itakwisha kabisa, hata kwa watakaozaliwa."

"Unawajua watu wako?"

"Nawajua, bibi. Nimezaliwa nao."

"Babwoya, unawajua?"

"Nawajua. Ni watu wa huruma. Mtu akifiwa, hulala kwake kumliwaza."

Bibi Kamba akamwamini. Akarudi majini, akawaambia wanawe wasihame.

Kesho yake watu walifurika uwanjani, wamevaa vizuri, zumari inalia, msondo unalia, wanawake wanapiga vigelegele. Matenga ya kamba yakaletwa, yakamiminwa chunguni. Hapo Babwoya akainua mikono yake juu, akaiacha huko. Mpiga zumari alipoona hivyo naye akaacha.

Kutoka chunguni zikaja sauti.

"Tutoeni, maji yanachoma. Tutoeni, wana wetu wako chini. Tutoeni, enyi wenye mikono."

Watu wakapigwa na butwaa. Mtoto mmoja akajificha nyuma ya mama yake. Mzee Hiribae, mkuu wa kijiji, akavua kofia. Babwoya akasema moyoni, sasa watawatoa.

Bi Mkasi alisimama, upawa mkononi. "Kumbe wanasema," akasema polepole. Kisha akachota mchuzi, akauonja. "Chumvi haijakolea."

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Wa tatu akaongeza kuni.

Babwoya akakirukia chungu ili akipindue. Wakamshika, tena kwa upole. "Tulia, ndugu yetu," wakamwambia. "Ni njaa hiyo. Utakula sasa hivi."

Na ndani ya mvuke akaisikia sauti anayoijua. "Babwoya, unawajua?"

Sauti zikapungua moja baada ya nyingine, kamba wakawa wekundu, wakapakuliwa.

Mwaka uliofuata Babwoya alijifungia nyumbani. Mtoni walikuwa wamebaki kamba wachanga tu, lakini nao wakavuliwa. Jua lilipopanda alisikia ngoma inalia uwanjani. Akashangaa, maana mpiga ngoma ni yeye. Akatoka kwenda kutazama.

Vijana walikuwa wameushika msondo wake. Wanawake wamejipanga mistari miwili, hawa wanaitikia wale, watoto wanapiga makofi, na chungu kinatokota katikati. Walikuwa wanaimba: "Tutoeni, maji yanachoma. Tutoeni, wana wetu wako chini. Tutoeni, enyi wenye mikono." Waliimba vizuri, kwa sauti tamu, na kila wakifika kwenye "mikono" waliinua mikono juu kwa pamoja.

Bi Mkasi alipomwona akamsogezea kigoda. "Karibu, Babwoya. Miaka yote uliyotupigia hukutupa wimbo mtamu kama huu. Tulikuwa tunakungojea."

Babwoya akaketi. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Na mkono wake, jamani, mkono ule uliozoea kazi, ukaanza kuufuata mdundo taratibu juu ya goti lake.

Hadithi yangu imekomea hapo, sina cha kuongeza. Zimeni moto, mkalale.