Ua Uliotembea

Mtu mmoja, jina lake Shemhilu, alikuwa na kiwanja kikubwa kando ya nyumba yake, katikati ya mji mdogo wa milimani. Mji ule haukuwa na mahali pa wote. Watoto walichezea barabarani, wazee walipumzikia vizingitini mwa maduka, na maiti waliswaliwa popote palipopatikana. Siku moja Shemhilu akasimama mkutanoni, akakitoa kile kiwanja kiwe cha watu wote. Aliringa kidogo, ndiyo. Nani kati yenu angetoa asiringe? Watu wakampigia makofi, wakaunda kamati ya uwanja, wakamfanya mwenyekiti.

Kamati ikaona ng'ombe watamaliza majani, ikaamua kila jirani apande ua wa minyaa upande wake. Mnyaa hauna makuu: chomeka kijiti, geuka, umeshashika.

Wa kwanza kuusogeza ua wake alikuwa Shemhilu mwenyewe. Kila alipopunguza ua, alikata upande wa kwake, akauacha upande wa uwanja unenepe. Jiwe la mpaka hakuligusa. Mwizi, yeye? Alikuwa anapunguza ua tu! Na moyoni alijiambia: kiwanja si nilitoa mimi? Unyayo mmoja nani ataulilia? Lakini majirani walikuwa na macho. Wakanoa mapanga, nao wakapunguza vilevile. Ua ukatembea mwaka baada ya mwaka, bila miguu, na mkutanoni kila mtu aliendelea kuusifu "uwanja wetu".

Kisha Shemhilu akafiwa na mama yake. Alikuwa bibi wa mji mzima, na watu wakapanda hata kutoka vijiji vya bondeni kuja kumswalia. Jeneza likafika mlangoni pa uwanja, kati ya ua wa Shemhilu na ua wa jirani yake Kupaza, likakwama. Ua wa huku na ua wa kule zilikuwa zimekumbatiana. Wabebaji wakasimama, jeneza begani. Kupaza, mzee mwenye ulimi wa upupu, akasema:

"Mwenyekiti, mama yetu tumpitishe wapi, juu ya ua wako au chini yake?"

Hakuna aliyecheka. Shemhilu angeweza kujibu kwamba ua wa Kupaza nao umeziba, na asingekuwa amedanganya. Badala yake akaomba panga, akaanza na wa kwake. Mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe, na utomvu ule ukiingia jichoni ni moto. Alikata mpaka alipolifikia lile jiwe la mpaka, lililokuwa limesahauliwa nyuma ya ua, huku machozi yakimtiririka, na wapenda kuchunguza hawakujua yapi ni ya mama na yapi ni ya mnyaa. Safu zikapangwa. Mama akaswaliwa, akazikwa.

Jioni, watu walipotawanyika, alirudi na jicho limevimba, akaokota matawi yote, maana mnyaa ukiachwa chini huota upya. Akiwa ameinama, akasikia panga jingine likikata, upande wa kwa Kupaza.

Hivyo ndivyo uwanja ule ulivyotolewa mara ya pili, na ndiyo mara iliyohesabiwa. Nanyi mnaotaja mlichotoa kila mkutano: mara ya mwisho kupunguza ua, mlikata upande gani?